Onyo Jekundu na Mikono ya Maharusi

Hina hudumu wiki mbili. Kwa anayefua na kuosha vyombo kila siku, haifiki hata hizo. Nililijua hilo nikiwa na miaka saba, baada ya jirani yetu mchora hina kunichorea ua moja kiganjani siku ya Idi, mimi mtoto wa Kikristo niliyesimama mlangoni kwake nikiwatazama wenzangu wakichorwa. Kila asubuhi nililikagua ua langu likipauka. Siku lilipokwisha nilivuka uchochoro kwenda kumshtakia mwenyewe.

"Ua lako limekufa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo kazi yangu hiyo, mwanangu. Naandika kwenye kitabu kinachooga."

Leo ninaandika riwaya, na sisi wa kundi letu la waandishi tunapoulizana nani alitutia wazimu huu, wengine hutaja walimu wao, wengine maktaba. Mimi humtaja mwanamke wa Mishomoroni mwenye koni ya hina mkononi, ambaye hakuwahi kuiona kazi yake ikimaliza mwezi.

Baba yangu aliletwa Mombasa na kazi ya bandarini. Mama alimfuata kutoka bara na sufuria mbili na Biblia, wakapanga chumba kilichotazamana na nyumba ya mchora hina. Kiswahili cha kwetu kilikuwa cha haraka, cha mtu anayewahi zamu. Cha ng'ambo ya uchochoro kilikuwa na wasaa. Maneno yalivua viatu kwanza ndipo yakaingia. Nilijifunza kuitikia "abee" kabla sijajua kwamba kwetu hatuitikii hivyo. Nilimwita khalati, kana kwamba ni dada wa mama yangu, na mama hakuona ubaya, kwa kuwa miaka ilikuwa imewafanya hivyo kweli.

Miaka sita iliyopita binti yake khalati, mwenzangu wa kucheza kibe, kujificha na kutafutana, alimfungulia mama yake ukurasa mtandaoni. Tangu hapo kila mkono uliotoka kwenye mkeka wake ulipigwa picha kabla haujaenda harusini. Mikono tu, bila nyuso. Hilo lilikuwa sharti lake. Mikono ya wasichana wa Likoni, ya walimu wa Changamwe, ya bibi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe aliyeolewa mara ya pili akiwa na wajukuu na akataka hina hadi kwenye viwiko. Wateja waliuona ukurasa, wakampigia simu, wakaja. Lakini si biashara peke yake iliyomfanya aupende. Wakati mwingine, alasiri, nilimkuta ameketi barazani akipitisha picha moja moja kwa kidole, midomo ikicheza, kama mtu anayesoma barua za zamani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kazi yake ilikuwa na mahali pa kukaa isioshwe.

Na hapakuwa na nakala nyingine. Simu yake ya kwanza ilitumbukia kwenye ndoo, ya pili iliibiwa kwenye msongamano wa feri, na picha zilizokuwa ndani zikaenda nazo. Zilizosalia duniani ni zile za kwenye ukurasa.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumatano, na Ijumaa yake binti yake angeolewa. Nilikuwa nimekaa barazani kwa khalati na kompyuta yangu mapajani, kwa sababu chumbani kwangu mchana kuna joto la tanuri, na kwa sababu nyingine ambayo si rahisi kuieleza: naandika vizuri zaidi karibu na watu wanaofanya kazi za mikono. Khalati alikuwa chini kwenye mkeka, amekumbatia bakuli kwa miguu, akikanda hina ya kesho yake. Unga, maji ya ndimu, mafuta ya karafuu. Mikono yake ilizama hadi juu ya vifundo. Barazani palinukia kama shamba lililonyeshewa.

Simu yake ikalia juu ya leso.

"Nisomee, mwanangu. Mimi mikono sina."

Nikasoma. Ujumbe ulisema kwamba ukurasa wake umeripotiwa kwa kutumia picha za watu bila ruhusa, kwamba utafutwa pamoja na picha zote baada ya saa ishirini na nne, na kwamba kama anaona ameonewa, abonyeze hapo chini athibitishe kuwa yeye ndiye mwenyewe. Chini palikuwa na kiungo cha bluu.

Mikono yake ikasimama ndani ya bakuli.

"Zote?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Mikono yote?"

Sauti ile sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka saba aliyekuja kushtakia ua. Akasema upesi upesi, "Basi bonyeza. Bonyeza tuwathibitishie. Yarabi, mimi huomba ruhusa kila mkono, kila mmoja, waulize wenyewe!"

Asubuhi ile tulikuwa tumeufungua ukurasa wake kwenye kompyuta yangu ili nimsaidie kupandisha picha. Nikaufungua ujumbe humo humo, nikabonyeza kiungo.

Kioo chote kikageuka chekundu.

Si wekundu wa hina, ule unaokuja polepole na kukaa. Huu ulikuja mara moja, ukajaa kutoka pembe hadi pembe. Katikati palikuwa na maneno meupe: hii ni tovuti ya ulaghai, walioko ndani yake wanaweza kukuhadaa utoe neno lako la siri. Chini palikuwa na kitufe kikubwa cha kurudi mahali salama, na pembeni, kwa herufi ndogo, "Maelezo zaidi".

Wekundu ule tulikuwa tunajuana.

"Khalati," nikasema, "hawa ni matapeli. Kivinjari kimewakamata."

"Nani amewakamata?"

"Kivinjari. Hii programu ninayofungulia mtandao. Ina orodha ya tovuti mbaya, ikiona unaelekea kwenye mojawapo, yasimama mbele yako."

Alinyanyuka, mikono mbele kama daktari wa upasuaji, akaja akainama juu ya bega langu. Alisoma onyo lote bila haraka. Kisha akaniambia nibonyeze yale maelezo zaidi. Nikabonyeza ili tu ajue mengi. Maandishi yakaongezeka, na mwisho kabisa pakatokea mstari mdogo, mnyenyekevu, uliosema kwamba ukielewa hatari unaweza kuendelea.

Uso wake ukafunguka, akakisemesha kioo. "Si huu hapa mlango! Wasema hapiti mtu, na upenyo umeuacha wewe mwenyewe! Huyu anaringa tu, mwanangu. Bonyeza."

Hapa sina budi kueleza jambo moja la kwetu. Harusini, bwana arusi anapokuja kuingia ndani kwa mkewe, huwakuta wanawake wa upande wa bibi arusi wameufunga mlango kwa miili yao. Hapiti mtu, husema. Rudini mlikotoka. Nao wanaokuja huimba, hubembeleza, hutoa leso na manukato, na mlango hukataa tena, na tena, kisha hufunguka kwa vigelegele. Hakuna anayekasirika. Bwana arusi ambaye mlango haukumkataa angeona haya, kana kwamba mkewe hakuwa na watu. Khalati alikulia kwenye milango hiyo. Kwake, kukataliwa ndiko mwanzo wa mazungumzo. Muuza samaki hukataa, fundi cherehani hukataa, afisa aliye dirishani hukataa, na wote, ukikaa nao kwa upole, hukubali. Onyo jekundu lenye upenyo chini yake lilikuwa, machoni pake, jambo analolijua tangu utotoni.

"Huku si kukataa kwa harusini," nikamwambia.

"Wewe umejuaje?"

Basi nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu. Mwaka uliopita niliandikiwa barua pepe kwamba mswada wangu umeteuliwa kwa tuzo ya riwaya. Nilicheza peke yangu chumbani. Nilimwambia mama, naye akawaambia akina mama wa kanisani, wakaniombea. Ilibaki nithibitishe tu: nibonyeze, niandike anwani yangu na neno la siri. Nilipobonyeza, kioo kikawa chekundu. Nilikikasirikia kivinjari kuliko nilivyowahi kumkasirikia mhakiki yeyote. Nilitafuta upenyo, nikaupata, kidole kikawa juu yake. Kilichonizuia si akili. Nilimkumbuka mwenzetu mmoja wa kundi la waandishi aliyeibiwa barua pepe yake kwa njia kama ile ile, na humo ndimo alimokuwa ameuweka mswada wake wa pekee. Nilirudi nyuma, nikalia, kisha nikaingia kwenye mipangilio na kuupandisha ulinzi hadi mwisho.

Khalati alinisikiliza hadi mwisho. Alinigusa shavu kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na hina.

"Pole, mwanangu. Lakini wewe ulikuwa ukitaka wakupe usichokuwa nacho. Mimi hawa wataka kuninyang'anya nilicho nacho."

Hofu yake ilikuwa nzito kuliko tamaa yangu ilivyokuwa.

Akaichutamia simu yake pale kwenye leso, na kwa kifundo cha kidole cha mwisho, kilichokuwa na hina kidogo kuliko vingine, akakibonyeza kiungo.

"Huku kumefunguka!" akapiga kelele za furaha. "Waona? Huku hakuna mtu mlangoni!"

Ni kweli. Ule ujumbe kwenye simu yake ulifunguka ndani ya programu ya mtandao wa kijamii yenyewe, si kwenye kivinjari nilichokitia ulinzi, na humo hapakuwa na aliyesimama mlangoni. Ukurasa ulikuwa mweupe, msafi, wenye rangi na nembo anazozijua. Ulimwomba nambari ya simu. Akaiandika, tarakimu moja moja, kioo kikijaa madoa ya kijani. Chini yake ukamwomba na neno la siri.

Akasita.

"Neno langu la siri ni lipi?"

"Mimi sijui, khalati. Na usiliandike."

"Simu hujiandikia yenyewe. Leo yaniuliza nini?"

Hapo hata mimi nilishtuka. Simu yake ililihifadhi neno lile na kulijaza kila mara bila kuombwa, lakini mlango wa kulijazia ulikuwa mmoja tu, ule wa kweli. Mbele ya mlango huu ilikuwa imefumba mdomo. Nilijaribu kumweleza, lakini alikuwa ameshageukia dirisha la chumba cha ndani, ambako binti yake alikuwa amefungiwa tangu wiki ile, amepakwa singo, ule msuguo wa manukato wa maharusi, mwili mzima, haonwi na mtu.

"We bibi arusi!"

"Abee, mama!" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Neno langu la siri ni lipi?"

"La ukurasa?"

"La ukurasa!"

"Si lile la..."

"Usiseme!" nikapaza sauti.

"Sema!" akasema khalati.

"Sasa mimi nimsikilize nani?" bibi arusi akauliza.

Muuza maji alikuwa akipita uchochoroni na mkokoteni wake wa mitungi. Akausimamisha. "Sema tu, dada," akasema, "hata mimi nimeshataka kulijua."

Ndipo akaingia shoga yake khalati. Nimwelezeje mwanamke huyu? Watu wake ni wa Mombasa ya zamani, walivuka kuja bara ya Kisauni kabla hajazaliwa, wakavuka na lugha yao nzima bila kuiacha hata herufi. Ni mnene, mpole, na ana sauti ya kusimamisha lori. Harusi zote za upande wetu, hadi za Mwakirunge, yeye ndiye hushika mlango. Alikuwa amekuja na leso za sare begani.

"Kuna nini hapa? Kelele zafika barabarani."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Kuna nini?"

Tukamweleza kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake. Hakuuliza mtandao ni nini wala ulinzi ni nini. Aliketi, akaivuta kompyuta yangu mapajani mwake, akautazama ule wekundu kwa muda mrefu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Huyu mwekundu," akasema mwishowe, "amewaomba nini?"

"Kuomba vipi?"

"Amesimama mlangoni, amekataa. Ameomba nini apishe?"

Nikasoma tena, juu hadi chini. "Hajaomba kitu."

"Hata jina?"

"Hata jina."

"Na huyo mweupe wa kwenye simu?"

"Nambari yangu," akasema khalati polepole, "na neno la siri."

Shoga yake akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kuchukua safari yake hadi kufika. "Toba! Na wewe umekaa na mimi miaka yote hii! Hebu nisikize. Mimi nikizuia mlango, nazuia kwa kuwa nataka. Nataka leso, nataka manukato, nataka niimbiwe mpaka nichoke. Mchezo wote u kwenye kuomba. Huyu mwekundu amepanua mikono, hataki leso, hataki nyimbo, yuwasema rudi tu. Mwanamke akizuia mlango na asiombe kitu, shoga yangu, hiyo si harusi. Ndani kuna moto."

Khalati akaigeukia simu yake.

"Na huyo mweupe," mwenzake akaendelea, "amekufungulia kabla hujabisha, halafu yuwakuomba ufunguo wa nyumba yako. Lini uliuona mlango wa bibi arusi wa hivyo?"

Nilimtazama khalati akiitazama simu, na nikaona jambo nililokuwa nimeshindwa kulifanya kwa maelezo yangu yote likifanyika usoni mwake lenyewe. Akakinyoosha kile kifundo cha kidole, akaufunga ukurasa mweupe.

"Mama!" bibi arusi akaita. "Niseme au nisiseme?"

"Ukisema nakukata ulimi!" mama yake akajibu, na muuza maji akaondoka na mkokoteni wake akilalamika kwamba watu wa Mishomoroni wana roho mbaya.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya mikono yangu, kwa kuwa yangu ndiyo ilikuwa mikavu. Tuliingia kwenye ukurasa wake kwa njia ya kila siku, bila kiungo cha mtu, tukaenda mahali panapowekwa maonyo ya kweli. Palikuwa patupu. Hakuna aliyemripoti. Aliyemwandikia alikuwa amefungua akaunti yake wiki ile ile, hana picha, hana rafiki; tukamripoti yeye. Nambari ya simu aliyoiandika hakuwa amebonyeza kuituma. Na hata kama ingefika, peke yake isingewafungulia. Hata hivyo tukabadilisha neno la siri. Khalati alikataa kulitamka. Nilimpa kalamu, akaishika kwa kona ya leso, akaandika kwenye kipande cha karatasi, nikakipitisha chini ya pazia ili binti aone kama litakumbukika. Karatasi ilirudi na alama ya kidole cha singo na maneno: "Refusha kidogo." Likarefushwa. Kisha tukaweka na hatua ya pili, kwamba anayetaka kuingia kwa kifaa kipya lazima alete pia tarakimu zitakazotumwa kwenye simu ya khalati. Simu yake nayo nikaitia ulinzi kama wangu, na kumwonyesha namna ya kufungulia viungo kwenye kivinjari, si ndani ya ujumbe.

"Kwa hiyo sasa milango miwili," akasema.

"Miwili."

"Na wa pili ataomba?"

"Ataomba tarakimu. Usimpe mtu yeyote atakayekupigia simu kuziuliza."

"Hata akiimba?"

"Hata akiimba, khalati."

Mwisho nikaanza kuzishusha picha zote kwenye kompyuta yangu, ziwe na nyumba ya pili. Mtandao wetu ni wa kusuasua, picha zilishuka moja moja, na kila iliposhuka ilijitokeza kwenye kioo, kikubwa kuliko cha simu. Shoga yake alikuwa wa kwanza kuona.

"Huu si mkono wa mke wa fundi? Tazama kovu la mbuzi ya nazi."

Akaja jirani wa kushoto kuuliza kuna nini, akaukuta mkono wake mwenyewe wa miaka minne nyuma, akauweka mkono wake wa leo kando ya kioo, akasema mashallah, nilikuwa na vidole! Wakaitana. Kabla ya alasiri walikuwa wanawake kumi au zaidi wamebanana barazani, hina ikiiva kwenye bakuli lililofunikwa, wakishindana kuitambua mikono isiyo na nyuso. Huyu aliachika. Huyu yuko Likoni, ana mapacha. Hii ya piko, ile rangi nyeusi, ni ya yule aliyelia mpaka ikabidi achorwe upya. Kila picha ilikuja na hadithi yake, nami niliyejiita mtunzi nilikaa katikati yao, nisijue niandike ipi kwanza. Khalati hakusema mengi. Alikuwa akitaja tarehe za Idi na majina ya mitindo: ua la mlangilangi, mkia wa tausi, shada la asumini. Alikuwa akikisoma kitabu chake kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza.

Ikashuka picha ya mikono mipana, ngozi imepasuka kwenye viganja kwa sabuni za miaka, kucha zimekatwa fupi sana. Juu yake hina nyembamba, ya aibu kidogo, tawi moja tu kila mkono.

"Huyu nani?" wakaulizana. Hawakumjua.

Mimi nilimjua. Nilivuka uchochoro nikamwita mama, naye akaja na aproni yake, akaichungulia ile mikono yake ya siku nilipohitimu chuo, siku aliyoniambia kwamba hataki hina, halafu nikamkuta kwa khalati amenyoosha mikono amefumba macho. Alikuwa hajui kwamba ilipigwa picha ikawekwa huko.

"Muda wote huu dunia inaniona?" akasema, na furaha yake aliifunga vibaya, ikamwagika.

Shoga yake khalati, ambaye hana siri, akamsimulia kisa chote cha wekundu, pamoja na ile tuzo yangu. Mama akanigeukia.

"Kwa hivyo haikuwapo?"

"Haikuwapo, mama. Niliogopa kukwambia."

Alifikiri kidogo. "Basi kanisani nitaendelea kuwaambia inachelewa. Wamekuombea sana, si vizuri kuwavunja moyo. Andika upesi iwepo."

Alhamisi khalati alimchora binti yake kuanzia asubuhi. Sikuruhusiwa kuona. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, matarumbeta yalisikika kutoka barabarani, na shoga yake akanishika mkono, akanisimamisha kando yake mlangoni kwa bibi arusi, leso ya sare kiunoni mwangu.

"Leo na wewe uzuie. Umesomea."

Wakaja, wakaimba. Tukakataa. Tukaulizwa tunataka nini, tukaomba leso, zikaja. Tukaomba manukato, yakaja, tukanyunyiziwa hadi machoni. Tukakataa tena. Bwana arusi, kijana mtaratibu kutoka Changamwe, alitokwa na jasho akitabasamu.

"Sasa mwataka nini tena, dada zangu?" mjomba wake akauliza.

Sijui lilinitoka wapi. "Neno la siri!" nikasema.

Wanawake wa baraza zima, waliokuwepo Jumatano na waliohadithiwa, walicheka mpaka vigelegele vikakosa pumzi, na kutoka ndani, nyuma yetu, bibi arusi akapaza sauti: "Msimwambie!"

Tukafungua.

Nyuma ya shangwe nilimwona khalati amesimama juu ya kigoda, simu imeinuliwa, akisubiri binti yake ashikwe mkono na mumewe. Alisubiri mikono yote miwili ilale vizuri, ua la asumini juu, lile lile alilonichorea mimi nikiwa na miaka saba, ila hapa yalikuwa mia. Akapiga picha moja tu. Akaipandisha pale pale, mbele ya watu, na simu ikamjazia yenyewe neno lake refu jipya bila kuulizwa.

Hina ile ilikwisha kabla ya mwezi kuisha. Bibi arusi anaosha vyombo kama watu wote. Jana nilikwenda ukurasani kuitazama. Bado ni nyekundu.